Kijiji cha mababu wa Kiayalandi hakionekani: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Wanaouliza jambo hili kwa Kiswahili wengi wao ni watu wa ndoa za mchanganyiko na watoto wao: mama wa Mombasa aliyeolewa Boston, baba wa Arusha anayelea watoto Dublin, kijana aliyeambiwa kuwa bibi mzaa baba yake alitoka "huko Mayo". Shida yao karibu ni moja. Nyumbani wametajiwa jina la kijiji, wamelitafuta, hawalioni.

Shika jambo moja kwanza, maana karibu kila tatizo hapa chini linarudi kwake. Kumbukumbu za mashambani Ayalandi zimefungwa kwenye ardhi. Kisiwa kizima kimegawanywa katika vipande zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina lake na mipaka yake. Kwenye ramani na tovuti kipande hicho huandikwa townland. Hapa nitakiita kitongoji, ila ujue kinaweza kuwa hakina nyumba hata moja. Juu yake kuna parokia ya serikali, juu ya parokia kuna baroni, kisha kaunti. Watu wakihama na kuta zikianguka, kitongoji hubaki vitabuni na mipaka yake ile ile. Kwa hiyo tafuta ardhi kwanza, watu utawakuta juu yake.

Mfano nitakaourudia ni Slievemore, kwenye kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo. Chini ya mlima, upande wa kusini, kuna magofu ya nyumba za mawe kati ya 80 na 100, zimepangana kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Paa hakuna hata moja. Ubavuni mwa mlima matuta ya viazi bado yanaonekana jua likilala.

Dalili ya 1: Karatasi zote za ng'ambo zinasema "Ireland" tu

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na watu wengi hulikimbia wakaanza kutafuta Ayalandi kabla ya kumaliza kazi ya upande wa pili wa bahari. Usifanye hivyo. Kaunti 32 ni nyingi mno kwa mtu asiye na fununu.

Kisababishi cha kwanza ni aina ya karatasi. Orodha za abiria wa karne ya 19 walioingia Marekani kwa kawaida ziliandika nchi peke yake. Maombi ya uraia ya kabla ya 1906 nayo hayakudai zaidi ya hapo. Baada ya Septemba 1906 fomu zilibadilika, zikaanza kuuliza mahali pa kuzaliwa, tarehe na jina la meli. Kama babu aliyehamia Marekani miaka ya 1880 alichelewa kuomba uraia hadi 1910, una bahati.

Kisababishi cha pili: umemtafuta mtu mmoja tu. Waayalandi walisafiri kwa mnyororo, dada akimvuta dada, jirani akimvuta jirani. Mtafute kila ndugu yake na kila aliyesimama naye kanisani.

Anza na vilivyo rahisi: jiwe la kaburi, tangazo la msiba, cheti cha kifo chenye majina ya wazazi, rejista ya ndoa ya kanisa Katoliki alilofungia ndoa. Halafu ingia ndani zaidi. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kati ya 1831 na 1921 matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao waliopotezana nao, na mengi yanataja parokia, pengine kitongoji, na lini mtu aliondoka. Benki ya akiba ya wahamiaji ya New York, Emigrant Industrial Savings Bank, iliyoanzishwa 1850, iliwauliza wateja wake walikotoka na ndugu zao ni nani, na daftari zake zipo hadi leo. Angalia pia mji walikofikia. Watu wa Achill kwa mfano walimiminika Cleveland, Ohio. Ukoo wa Mayo uliokaa Cleveland unastahili kupimwa na Achill mapema kabisa.

Dalili ya 2: Jina la kijiji unalo, lakini halimo kwenye ramani

Visababishi, kuanzia cha kawaida zaidi:

1. Jina limeandikwa kama lilivyosikika. Msemaji wa Kiayalandi alilitamka, karani wa Kimarekani akaliandika kwa sikio lake. Lisome kwa sauti na ujaribu tahajia nyingine. Baly, Bally na Balli ni kitu kimoja. Kil na Kill vilevile.

2. Hicho si kitongoji, ni kikundi cha nyumba ndani ya kitongoji. Slievemore yenyewe ilikuwa na makundi matatu: Tuar, Tuar Riabhach na Faiche. Mtu angeweza kusema maisha yake yote kwamba kwao ni Faiche, na karani wa serikali asiiandike popote.

3. Jina ni la parokia ya Kanisa Katoliki, au la mji wa posta. Parokia ya Kanisa na parokia ya serikali ni vitu viwili, mipaka na majina yake mara nyingi hayalingani. Kosa hili linapoteza watu miezi.

4. Majina mengi yanafanana. Kilmore ziko tele. Bila kaunti, na ikiwezekana parokia, usikubali ile ya kwanza unayoiona.

5. Jina lilibadilishwa umbo. Upimaji wa ramani wa serikali ulioanza 1824 uliyaandika majina ya Kiayalandi kwa tahajia ya Kiingereza, na msomi John O'Donovan akazunguka kaunti kwa kaunti akiwauliza wazee matamshi yao. Umbo la nyumbani na umbo la ramani yanaweza kuwa mbali sana.

Dawa ya hayo yote ni logainm.ie, hazina ya majina ya mahali, bure, inayokupa jina la Kiayalandi, jina la Kiingereza na ngazi zote za juu yake. Ikishindikana, fungua ramani za zamani zenye kipimo cha inchi sita kwa maili. Toleo la kwanza lilipimwa kabla ya Njaa Kuu ya miaka ya 1840. Liweke kando ya ramani ya inchi 25 ya mwisho wa karne ya 19. Palipokuwa na rundo la vidoto vyeusi, kila kidoto nyumba, toleo la pili linaonyesha ukuta, zizi au uwanda mtupu. Mimi nathamini kulinganisha huku kuliko hifadhidata yoyote, kwa sababu hapo unakiona kijiji kikiondoka kwa macho yako.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukipita wasijue thamani yake. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wa kwao habari za zamani, wakaziandika kwenye madaftari. Yako duchas.ie. Mtoto anaandika nani aliishi wapi, nyumba ipi ilibomolewa, kisima kile kiliitwaje. Majina madogo ambayo serikali haikuyajali, mengi yalisalimika humo.

Dalili ya 3: Kitongoji nimekipata, ukoo wangu haumo

Kitabu cha kwanza cha kufungua ni tathmini ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 chini ya Richard Griffith ili kutoza kodi ya msaada wa maskini. Kinasomeka bure askaboutireland.ie pamoja na ramani zake. Kila mstari una namba ya kiwanja na pengine herufi ndogo, 1a, 1b, 1c, jina la mkaaji, jina la aliyemkodisha, maelezo ya mali, ukubwa, na thamani kwa pauni na shilingi. Wake na watoto hawamo. Ukiona majina manane au kumi yamefungwa kwa mabano mbele ya eneo moja tu, umekutana na rundale: ardhi iliyoshikwa kwa pamoja, nyumba zikiwa zimesongamana, mashamba yakiwa vipande vipande vilivyotawanyika.

Kama jina halimo, pima hivi.

Jina lina O' au Mac? Litafute bila hivyo, kisha pamoja navyo. Karne ya 19 watu wengi waliviacha na wengine wakavirudisha baadaye. Majina mengine yalitafsiriwa kabisa: Mac Gabhann mmoja akawa McGowan, ndugu yake akawa Smith.

Walikuwa na ardhi? Kibarua aliyepewa kibanda na tajiri wa shamba, mwana aliyekaa kwa baba yake, mjane aliyehifadhiwa na shemeji, hawa hawaandikwi.

Walikuwa wamekwisha kuondoka? Hapa inabidi ujue historia. Ugonjwa wa bakajani ulianza kuua viazi 1845. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengine milioni moja wakavuka bahari, na idadi iliyokuwa zaidi ya milioni 8 kwenye sensa ya 1841 ikashuka hadi milioni 6.5 hivi mwaka 1851. Sheria ya 1847 ilimnyima msaada mtu yeyote mwenye ardhi inayozidi robo ekari mpaka aiachie. Mtu alichagua kati ya shamba na chakula cha wanawe. Kwa kaunti za magharibi, familia iliyokuwepo 1845 na haipo Griffith ni jambo la kawaida mno. Rudi nyuma kwenye vitabu vya kodi ya zaka ya Kanisa, 1823 hadi 1837, ila vina udhaifu: penye rundale karani aliandika jina moja na kuongeza "na wenzake".

Walifukuzwa? Aprili 1861 kabaila John George Adair aliwatoa watu 244 wa kaya 47 huko Derryveagh, Donegal, na wengi wa vijana wao walipelekwa Australia. Ukoo wa namna hii unaweza kuonekana Griffith na kutoweka ghafla, na jawabu lake liko bandarini Sydney.

Walihamia jirani? Kisababishi hiki kinadharauliwa kupita kiasi, na ndicho kinachoieleza Slievemore. Wakazi wake hawakuangamia wote wala kupanda meli wote. Wengi walisogea hadi Dooagh na Pollagh, karibu na bahari, kilomita chache tu, na kiangazi wakawa wanapanda hadi zile nyumba za zamani kuchunga ng'ombe, desturi iliyofika ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo usiridhike na kitongoji kimoja, tafuta vinavyopakana nacho vyote. Kwingine ilikuwa kazi ya serikali: Bodi ya Wilaya zenye Msongamano, iliyoundwa 1891, ilivunja rundale, ikampa kila mtu ukanda wake wa shamba na nyumba juu yake. Kijiji kikafutika bila mtu kufa.

Dalili ya 4: Watu kumi wenye jina moja

Tuseme unamtafuta Michael Gallagher, na kitongoji kina Michael Gallagher wanne. Tulia. Waandishi wa Griffith walipata shida hiyo hiyo, wakaongeza alama kwenye mabano: jina la baba, au "mkubwa" na "mdogo", au rangi ya nywele. Gallagher mwenye (John) kando yake ni mwana wa John. Watu wa vijijini wenyewe walitumia mnyororo wa majina, Michael wa John wa Pat, na ukiuliza kisiwani leo utaweza kujibiwa hivyo hivyo.

Kipimo cha pili ni mpangilio wa majina ya watoto. Mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Binti wa kwanza mara nyingi huchukua la bibi mzaa mama. Msomaji Mkikuyu hapa yuko nyumbani, maana kwa wana wa kiume desturi ni ile ile. Si sheria ya chuma, lakini kaya yenye Anthony mkubwa na Owen wa pili inakuambia wa kuwatafuta kizazi kilichotangulia.

Cha tatu ni wasimamizi wa ubatizo. Padri aliandika majina yao, na mara nyingi ni kaka wa baba na dada wa mama. Rejista za Kanisa Katoliki hadi karibu 1880 ziko bure registers.nli.ie, ziliwekwa 2015 na Maktaba ya Taifa. Zina zawadi moja kubwa: mama huandikwa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Kazi ni kusoma mwandiko, na nyingi ni za Kilatini. Jacobus ni James, Brigida ni Bridget. Bridget huyo huyo ng'ambo anaweza kuwa Delia au Biddy, na Honora akawa Nora.

Hatua ya kina ni vitabu vya marekebisho vilivyofuata Griffith. Mpangaji akifa au akihama, karani alikata jina lake kwa wino wa rangi na kuandika mrithi, pamoja na mwaka. Unaweza kufuata kiwanja 1b kutoka baba hadi mwana hadi mjane hadi neno linalosema nyumba imeanguka. Vya Ayalandi ya Kaskazini viko mtandaoni kwa hifadhi ya PRONI. Vya Jamhuri viko Dublin. Kama umefika hapa, huenda ndipo pa kumlipa mtafiti afike ofisini kwa niaba yako.

Dalili ya 5: Tarehe na umri haviendani

Mara nyingi hakuna kosa. Mzazi aliyechelewa kusajili mtoto alisogeza tarehe mbele ili akwepe faini, ndiyo maana unaona ubatizo uliotangulia kuzaliwa. Iamini ya padri. Kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 watu wengi "walizeeka" zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa Januari 1909 na kila mtu akawa na sababu ya kukumbuka utoto wake upya. Tofauti ya miaka mitano isikutishe. Ya kumi na tano huenda ni mtu mwingine.

Dalili ya 6: Hakuna kitu kabla ya 1864

Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza 1845. Picha za rejista hizo ziko bure irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75, vifo vya zaidi ya 50.

Nyuma ya hapo kuna shimo, na sababu yake kubwa inajulikana. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza, hifadhi ya taifa iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea, zikabaki vipande. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo sensa kamili ya kwanza unayoweza kuisoma ni ya 1901.

Wengi hukata tamaa hapa, na ni mapema mno. Wazee wa 1909 hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo waliiomba serikali itafute majina yao kwenye sensa za 1841 na 1851 zilipokuwa bado zipo. Makaratasi ya maombi hayo yapo Hifadhi ya Taifa: majina ya wazazi, kitongoji, parokia, na kile karani alichokikuta. Mtafute pia ndugu aliyebaki nyumbani, maana mwenye kuomba pensheni ni yeye, si yule aliyekwenda Boston. Tangu 2022 mradi wa Virtual Record Treasury nao unakusanya nakala za vilivyoungua kutoka hifadhi za nchi nyingine.

Rejista za parokia zina mipaka yake pia. Za Kikatoliki za Achill zilizobaki zinaanza mwisho wa miaka ya 1860. Hapo tegemea nyaraka za mwenye ardhi, na kwa Achill kumbuka misheni ya Kiprotestanti ya Edward Nangle ya miaka ya 1830, iliyokuja kumiliki sehemu kubwa ya kisiwa: wapo Wakatoliki waliopitia shule na vitabu vyake kwa muda. Usisahau Uskoti. Vijana wa Achill walikwenda kila mwaka kuvuna viazi huko, na tarehe 14 Juni 1894 watu 32 walizama Clew Bay wakiwa njiani kuifuata meli. Magazeti ya siku hizo yaliandika majina na walikotoka.

Dalili ya 7: Vinasaba vinaonyesha binamu wengi, hakuna anayeungana

Kisiwa ambako watu wameoana wao kwa wao vizazi vingi hutoa binamu wanaoonekana wa karibu kuliko walivyo. Punguza ngazi moja au mbili kwa kila kadirio, na wape uzito wanaotaja kitongoji. Simama kabisa kama matokeo yanaashiria kuwa baba anayejulikana siye. Usiandikie mtu usiyemjua. Zungumza kwanza na wakubwa wa familia.

Dalili ya 8: Umefika, huoni kitu

Vichaka na nyasi hufunika misingi, hasa kiangazi. Nenda masika ya kule, Machi au Aprili, na ramani ya inchi sita mkononi. Kuta ndefu zilizonyooka kwa kawaida ni za baadaye. Mikunjo ya mawe na matuta ndiyo ya zamani.

Karibu kila ardhi ina mwenyewe. Mwombe ruhusa, funga lango ulilofungua, kaa mbali na uwanja wenye fahali. Usipande kuta wala kusimama chini ya jiwe la juu ya mlango. Usichukue jiwe. Kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kunasa vyuma bila kibali ni kosa la jinai. Ukikuta mawe madogo yamepangwa bila maandishi, huenda ni cillín, mahali walipozikwa watoto waliokufa bila ubatizo. Ondoka kimya, usichimbe, usisogeze kitu.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Mwite mtafiti mwenye ithibati, kwa mfano kutoka chama cha Accredited Genealogists Ireland, au kituo cha nasaba cha kaunti, kama umemaliza vyanzo vya bure na bado unachagua kati ya familia mbili. Mpe majina, miaka, kitongoji unachokishuku, na orodha ya ulipokwisha tafuta ili usilipie kazi ile ile mara mbili. Anayekuahidi ukoo hadi wafalme wa kale, mwache.

Kwa uraia, babu au bibi aliyezaliwa kisiwani anatosha kukufungulia rejista ya wazaliwa wa ng'ambo. Kwa baba wa babu, mzazi wako lazima awe aliandikishwa kabla wewe hujazaliwa. Kwa dai la ardhi, hata ukiona jina la ukoo wako kwenye Griffith, wengi waliomo walikuwa wapangaji tu. Usimwandikie mkulima wa leo barua ya kudai chochote. Nenda kwa mwanasheria wa Ayalandi kwanza.